Mali ya Wizi Haiwi Zawadi

Mojawapo ya mbinu za ubeberu ni kubadili majina ya mambo. Kunyang'anywa nchi kuliitwa ulinzi. Kutozwa kodi kwa kiboko kuliitwa ustaarabu. Mtindo huo haujafa. Tarehe 10 Mei 2010, mjini Paris, ulitiwa sahihi mkataba wa kuirudishia Tanzania kinyago cha Kimakonde kilichokuwa katika jumba la makumbusho la Barbier-Mueller la Geneva. Kurudishwa huko kuliitwa zawadi. Neno hilo ndilo tunalolikosoa hapa.

Tuutazame ukweli. Mwaka 1984 wezi walivunja Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, wakachukua vitu kadhaa, kinyago hicho kikiwamo. Mwaka 1985 jumba la Geneva lilikinunua huko Paris. Mwaka 1990 Profesa Enrico Castelli alikitambua, na wenye jumba wakaarifiwa. Hata hivyo, mwaka 2006 Tanzania ilikuwa bado inapeleka madai mbele ya kamati ya UNESCO. Tangu kutambuliwa hadi kurudishwa ni miaka 20. Aliyeibiwa ndiye aliyebembeleza. Aliyekalia mali ya watu ndiye aliyesifiwa kwa ukarimu.

Kada hana budi kuuona mzizi. Mwizi hakuiba kinyago ili akakicheze. Aliiba kwa kuwa soko lilikuwapo. Mnyororo huu una watu watatu: mwizi anayebeba, dalali anayevusha, na tajiri anayenunua. Aghalabu anayekamatwa ni wa kwanza. Wa tatu hudai alinunua kwa nia njema, na sheria za nchi za Ulaya zimemsikiliza kwa muda mrefu. Mkataba wa UNESCO wa kuzuia biashara hiyo ni wa mwaka 1970. Lakini Ufaransa iliuridhia mwaka 1997, na Uswisi mwaka 2003. Yaani mwaka 1985, mahali kiliponunuliwa kinyago na mahali kilipopelekwa, pote palikuwa nje ya mkataba huo.

Soko hilo huua sanaa yenyewe. Kwa Wamakonde, kinyago huchezwa katika sherehe za jando na unyago. Mchezaji hufunikwa mwili mzima, huhesabiwa kuwa ni mzimu, na umma humjibu kwa ngoma na nyimbo. Kikiondolewa hapo na kufungiwa ndani ya kioo, hubaki mti wenye bei.

Lakini ukosoaji usiishie Geneva. Kinyago kiliibwa kwetu, tena ndani ya nyumba ya serikali. Kufuli peke yake si ulinzi. Hapa Mara, Waikoma wa Wilaya ya Serengeti wana machaba, pembe za ndovu ambazo, kwa masimulizi yao, walizipata kwa Watatoga. Machoni pa mlanguzi hizo ni kilo kadhaa za pembe. Kwa Waikoma ni kinga ya jamii nzima, na kuzitunza ni wajibu wa jamii, si wa mtu mmoja. Vivyo hivyo litungu la Wakurya wa Tarime: kijana asiyejua nyimbo zake ataliuza kwa mtalii kama pambo, na hataona kosa lolote.

Kwa hiyo, ndugu zangu makada na wanafunzi, kazi zetu ni tatu. Kwanza, wazee wapewe nafasi ya kuwafundisha vijana maana na matumizi ya vitu hivi, maana mtu hailindi mali asiyoijua. Pili, kila kijiji kiandike na kupiga picha mali zake za urithi, kwa idhini ya wanaozitunza na kwa kuheshimu siri zao. Mali isiyo na kumbukumbu ni vigumu kuidai. Tatu, pale mali yetu inaporudishwa, tuipokee kwa heshima lakini tulikatae neno zawadi. Anayekubali kupewa zawadi ya mali yake mwenyewe amekwisha kukiri kwamba haikuwa yake. Akidai ya pili, ataambiwa asubiri ukarimu.