Kupiga Windows 7 kwenye mashine isiyoitaka

Kibodi hufa kwenye skrini ya kwanza kabisa. Dakika moja kabla ilikuwa hai: umeingia kwenye BIOS, umepanda na kushuka kwa mishale, umechagua flashi. Windows 7 inakuja na buluu yake, inauliza lugha, na papo hapo taa ya panya inazimika na kibodi inanyamaza. Mafundi wengi wa Mwanza wakifika hapo humgeukia mteja na kumwambia kwamba mashine hii ni ya Windows 10, aikubali hiyo au akatafute kompyuta ya zamani. Wanasema kweli, na wateja wengi wanaondoka wameridhika.

Wapo ambao hawawezi kuridhika. Mdarizi wa nembo za sare za shule pale Mlango Mmoja ana mashine ya kudarizi iliyo chuma kitupu, ambayo ikitiwa mafuta na kubadilishiwa sindano itamfaa kwa miaka mingi bado. Programu ya kuchorea nembo aliinunua pamoja nayo. Inalindwa na ufunguo, kidude cha ukubwa wa kidole gumba kinachochomekwa kwenye ile poti ndefu ya printa za zamani yenye matundu 25. Bila ufunguo programu haifunguki, na draiva ya ufunguo inaishia kwenye Windows 7 ya biti 32. Kompyuta inayoiendesha programu hiyo ikiungua, nembo za shule zote alizowahi kuzishonea zinabaki kwenye mafaili ambayo hakuna programu nyingine anayoimiliki inayoweza kuyasoma. Na Januari shule zinafunguliwa, iwe isiwe.

Kwa kazi kama hiyo yupo fundi mmoja karibu na Barabara ya Pamba ambaye nimependa sana kukaa kwenye benchi lake. Nampenda kwa jinsi anavyochelewa kushika bisibisi. Kwanza huuliza: mashine inafanya nini, ufunguo ni wa aina gani, sahani halisi ya Windows bado ipo? Zile nakala za kuokoteza, zilizochezewa na watu asiowajua, hazigusi. Kisha ndipo huchagua kompyuta. Kwa mdarizi alichagua ya mezani, mtumba, ya Intel kizazi cha saba, na sababu ilikuwa moja: kwenye bodi yake bado kuna pini za poti ya matundu 25. Nyingine mbili zilizokuwa dukani zilikuwa na kasi zaidi. Hakuzitazama tena.

Tatizo la kibodi lina historia yake. Windows 7 ilitoka Oktoba 2009, kabla USB 3 haijaenea, na ndani yake hakuna draiva ya kuiendesha. Kwa miaka kadhaa jambo hilo halikumsumbua mtu, kwa kuwa bodi zilibeba pia vidhibiti vya USB vya zamani. Mwaka 2015, pamoja na kizazi cha sita, Intel iliviondoa. Tangu hapo kila tundu la USB kwenye kompyuta za namna hiyo linapitia kidhibiti ambacho Windows 7 haikijui. BIOS inakijua, ndiyo maana kibodi hufanya kazi mwanzoni. Mfumo endeshi ukishashika usukani, basi. Kizazi cha saba kilipofika, Microsoft ilikwisha tangaza kwamba vichakataji vipya vitahudumiwa na Windows 10 peke yake, na mwaka 2017 ikaanza kuzinyima masasisho Windows 7 zilizokutwa juu yake.

Kule bandarini MV Victoria, meli iliyoanza kazi 1961, ilitiwa injini mpya na mwaka 2020 ikarudi kwenye njia ya Bukoba. Pale mwili wa zamani ulipewa moyo mpya. Kwenye benchi hili mambo yamegeuzwa: mwili ni mpya, na moyo wa zamani unapaswa kufundishwa viungo ambavyo haukuzaliwa navyo, tena ufundishwe kabla haujaamka, maana ukishaamka bila kibodi huwezi kuuambia kitu.

Kwa hiyo kazi halisi hufanyika kwenye kompyuta nyingine kabisa. Fundi hunakili sahani kwenye diski, hulifungua faili la boot.wim na kulitia draiva ya USB 3. Ndani ya faili hilo mna picha mbili za mfumo, na wanaoshindwa mara nyingi hutia draiva kwenye ya kwanza, wakati ya pili ndiyo inayoendesha usakinishaji. Yeye hutia zote. Kisha hufungua install.wim na kurudia, kwa sababu usipofanya hivyo usakinishaji utaisha salama, kompyuta itawaka upya, na kibodi itakufa pale unapoulizwa jina la mtumiaji. Akimaliza hufunga, hufungua tena, na kusoma orodha ya draiva kuhakikisha zimo. Hakuna mteja atakayemlipa kwa ukaguzi huo.

Kwenye BIOS huzima Secure Boot na kuwasha CSM, ile hali inayoiruhusu kompyuta kuwaka kwa mtindo wa kale, kwani Windows 7 ya biti 32 haiwezi kuwaka kwa UEFI kwenye kompyuta za namna hii. Diski huwa ya SATA, iliyogawanywa kwa MBR. Poti ya printa huipa anwani 378, kwa kuwa programu za enzi hizo huitafuta hapo hapo. Picha ya kwenye skrini ikiwa nzito na kubwa kupita kiasi, huongeza kadi ya GeForce GT 710 ya aina isiyo na feni, ambayo draiva zake za biti 32 zilitolewa. Na kwa kuwa mfumo wa biti 32 hautumii zaidi ya GB 3 na kitu, huchomoa kipande kimoja cha RAM na kumkabidhi mwenyewe mkononi.

Yapo mawazo ya kuiendesha Windows 7 ndani ya Windows mpya, kompyuta ndani ya kompyuta. Mara nyingi ndiyo njia bora, naye huitumia inapowezekana. Ufunguo wa mdarizi uliikataa. Unataka poti yenyewe, pasipo mtu wa kati.

Jambo moja halina mjadala kwake: mashine hii haigusi intaneti. Huduma ya Windows 7 ilikoma tarehe 14 Januari 2020, na virusi vya WannaCry vya Mei 2017 vilienea zaidi kwenye kompyuta za mfumo huo huo. Huziba tundu la mtandao kwa utepe, na nembo mpya huingia kwa flashi iliyokwisha chunguzwa kwenye kompyuta nyingine.

Mwisho hunakili diski nzima kwenye diski ya akiba, na kuandika kwa kalamu ya wino kila alichobadilisha kwenye BIOS. Karatasi hiyo huibandika ndani ya kasha, upande wa mfuniko. Betri ya CR2032 kwenye bodi itakwisha siku moja. Saa itarudi miaka ya nyuma, BIOS itasahau CSM, hali ya SATA na anwani ya poti, na Windows itagoma kuwaka au itaonyesha skrini ya buluu yenye 0x0000007B. Yeyote atakayekuwa fundi wa Mlango Mmoja wakati huo, akifungua mfuniko kubadilisha betri, atakuta mpangilio wote umeandikwa kwa herufi kubwa, mstari baada ya mstari, pamoja na mahali diski ya akiba ilipo.