Fidia ya Chanjo na Sahihi ya Mjane

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu (s.a.w.). Ama baad.

Katika darsa zetu hapa Mpale suala hili hurudi mara kwa mara: mtu amechanjwa, akadhurika, akapewa fedha kwa sharti la kutia sahihi kwamba hatadai tena. Sheria inasemaje? Wengi hujibu bila kuusoma utaratibu wenyewe.

Tarehe 22 Februari 2021 Shirika la Afya Duniani lilitia saini na kampuni ya bima ya Chubb, kwa niaba ya COVAX, utaratibu wa kuwafidia watu wa nchi 92 za kipato cha chini na cha kati. Tanzania imo, na dozi 1,058,400 za Janssen zilizotufikia tarehe 24 Julai 2021 zilipita njia hiyo. Mdai hakutakiwa kuthibitisha kosa la yeyote, ila madhara yawe yamemlaza hospitali na kumwachia ulemavu wa kudumu, au yamemuua, na chanjo ikubalike kuwa ndiyo sababu. Jambo hili ni nadra mno: ule ugonjwa wa damu kuganda kwa Janssen, huko Marekani, haukufika watu watano katika kila dozi milioni. COVAX yenyewe ilifungwa mwisho wa 2023, lakini sharti lake litarudi katika mikataba mingine. Sharti ni kwamba apokeaye malipo ameachia madai yote.

Tuanze na uadilifu. Maskini wa milimani kwetu hawezi kumshitaki mtengenezaji wa ng'ambo. Tena mafuqahaa wamesema tabibu mjuzi aliyepewa idhini na asivuke mipaka hana dhamana, kwa hiyo huenda mahakamani angetoka mikono mitupu. Fedha isiyongojea kosa ni rehma.

Baadhi ya wanafunzi wetu wameiharamisha. Hoja yao ni kwamba kwa Imam Shafii suluhu pamoja na kukanusha ni batili, ingawa Abu Hanifa, Malik na Ahmad wameijuzisha. Kanuni wameihifadhi vizuri, mahali pake wamepakosa. Anayelipa hapa si mshitakiwa anayekanusha. Ni mfuko wa watu wengine ambao haukumdunga mtu sindano. Huo uko karibu zaidi na tabarrui yenye sharti.

Pana aibu katika hesabu. Kiwango kilitokana na wastani wa pato la mtu mmoja katika nchi ya mdai, mara 12, kisha kwa kipimo cha madhara. Basi Mkenya wa Lungalunga alipata zaidi ya Mtanzania wa Horohoro kwa dhara lile lile, na baina yao ni mpaka tu! Dia ya sheria ni ngamia 100, akifa mvuvi wa Pangani au tajiri wa Muscat. Najua wataniambia hii si dia. Kweli, lakini nani aliyesema uhai upimwe kwa pato la jirani?

Lililo zito zaidi ni kuachia haki ya maiti. Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa akiona mke harithi katika dia ya mumewe, mpaka Dhahhak bin Sufyan alipomweleza kuwa Mtume (s.a.w.) aliamuru mke wa Ashyam arithishwe. Umar akaiacha rai yake. Kwa hiyo fedha iliyotolewa badala ya madai ya marehemu ni tarika, wala si ya ami aliyeshika kalamu, wala si ya mjane peke yake.

Mjane mwenye watoto ana thumuni. Akitia sahihi, amefunga thumuni yake. Mafungu ya mayatima hayasamehewi na walii. Ana ruhusa ya kusuluhisha pale tu penye maslahi yao. Imamu atakayeitwa kushuhudia karatasi kama hiyo aulize kwanza: watoto ni wangapi, wazazi wa marehemu wako hai, na msimamizi wa mirathi ameteuliwa na Mahakama ya Mwanzo au bado? Kama bado, asiweke jina lake.

Wallahu aalam.