Stanley alimpasua nzi asiye mbung'o

Ukifika Kwihara, nje kidogo ya Tabora, utaonyeshwa tembe walimokaa Stanley na Livingstone. Mimi nilienda na kitabu cha Stanley cha mwaka 1872 mkononi, nikitafuta nzi. Ndiyo, nzi! Mtu aliyetoka Bagamoyo na farasi na punda lazima awe na la kusema kuhusu mbung'o.

Na analo. Siku za mwanzo tu, bado karibu na pwani, anataja nzi watatu wanaouma: "mabunga", "panga" na "chufwa". Kwa mabunga nampa heko. Anamlinganisha na mbung'o alivyoelezwa na Livingstone, mwenye mistari ya manjano inayokatiza tumbo. Mistari ya mabunga inakwenda kwa urefu. Kisha anamweka chini ya hadubini na kuhesabu sindano nne ndani ya mdomo wake. Huyu, anasema, si mbung'o. Yuko sahihi, kwa maelezo hayo mimi namwona pange. Jina linakaribia "mbung'o", umbo linakataa.

Shida yangu ni chufwa, ambaye Stanley anasema baadaye aligundua ndiye mbung'o. Ushahidi? Sauti dhaifu, ukubwa unaomzidi nzi wa nyumbani kwa theluthi moja, mabawa marefu, na wanyama kuchuruzika damu. Basi. Yaani aliyemkataa alimpasua, aliyemkubali akamsikiliza tu! Tena damu ya kuchuruzika inanifanya nimfikirie pange, maana pange hukata ngozi.

Angemwangalia akiwa ametua: mabawa yamelaliana kama mkasi uliofungwa, mdomo umenyooka mbele. Kwenye bawa, katikati, kuna chumba chenye umbo la shoka. Hapo ubishi umekwisha.

Lakini usimcheke Stanley haraka. Ukishajua ni mbung'o, bado hujajua ni yupi. Mapori ya Tabora yana Glossina morsitans na Glossina pallidipes, wote wa kahawia, wote na mistari tumboni. Mimi mwenyewe nilianza kuwatenganisha kwa rangi ya tumbo, nikalazimika kurudia sanduku zima. Jibu liko kwenye nyayo za miguu ya mbele: vipande viwili vya mwisho vya morsitans vina ncha nyeusi, vya pallidipes vimepauka. Ndiyo maana ya jina lake, "miguu iliyopauka".

Kuna faida gani? Pallidipes huvutwa kirahisi na mtego wenye harufu ya mkojo wa ng'ombe. Morsitans ni mgumu zaidi kunaswa hivyo. Ukiandika "mbung'o" tu kwenye daftari, mtego mtupu unaweza kukudanganya kwamba pori ni salama. Mchungaji ataingiza ng'ombe, mrina asali ataingia mwenyewe, na nagana na malale havisomi daftari lako.

Kwa hiyo ukimkamata, mgeuze. Tazama miguu kwanza.