Siku Utakayogundua Mzee Ni Binadamu

Juzi nimeangalia tena Soul Boy, safari hii na binamu yangu wa miaka 11, hapa kwetu Kawangware. Simu tuliiegemeza kwa sufuria, tukagawana earphone moja. Mara ya kwanza niliiona nikiwa shule, na kichwani ilibaki kama hadithi ya kijana na jini. Nilikuwa nimekosa kitu kikubwa.

Filamu hii ya 2010 ni ya saa moja hivi. Billy Kahora ndiye aliyeiandika, Hawa Essuman akaiongoza, na ilipigwa Kibera kwenyewe. Abila, kijana wa miaka 14, anaamka na kumpata babake amejikunyata, anasema ameibiwa roho. Mtaa una maelezo yake: mzee aliicheza kamari kwa mwanamke ambaye si mwanamke wa kawaida. Abila anamtafuta huyo Nyawawa, naye anampa majaribu saba. Akiyapita, roho inarudi.

Kwa Waluo, nyawawa ni pepo wanaopita usiku, na watu hupiga mabati na sufuria kuwafukuza. Hapa mtoto anafanya kinyume. Anaufuata mlango wa kile ambacho wakubwa hukifukuza, kwa sababu kimemshika mtu wake. Kwangu hapo ndipo utoto wa Abila unapoisha, hata kabla ya jaribu la kwanza.

Hafanyi hayo peke yake. Shiku yuko naye, na kwa Mkenya majina hayo mawili yanatosha. Abila na Shiku wakitembea pamoja Kibera, miaka miwili tu baada ya vita vya uchaguzi vya 2007 na 2008, si jambo dogo. Filamu haisimami kutuhubiria kuhusu hilo. Inawaacha watembee.

Jaribu lililonigusa ni lile la kumsaidia mwenye dhambi bila kumhukumu. Niseme ukweli kwa nini. Nikiwa mwaka wa pili chuo, mzee wangu aliweka karo yangu kwa mechi. Ilikuwa pesa ya mchango, shangazi zangu walikuwa wametoa. Wikendi moja ikaisha yote, nikarudi nyumbani na begi. Tangu hapo tunakaa nyumba moja, tunasalimiana kama majirani.

Kwa hivyo binamu yangu alipouliza, "Kwani Abila hajakasirika?" sikuwa na jibu. Naona ameshika udhaifu mkuu wa filamu hii. Majaribu yanafuatana mbio, kama maswali ya mtihani, na Abila hapati muda wa kutosha wa kumchukia babake hata kidogo. Mtoto wa mtu aliyecheza kamari hukasirika kwanza. Ningetaka dakika tano zaidi, Abila amekaa tu mbele ya yule mzee bila kufanya kitu.

Lakini bado naitetea. Hadithi nyingi tulizopewa tukiwa watoto zilikuwa za mzazi kumkubali mtoto: umekosea, umejuta, karibu nyumbani. Soul Boy imegeuza. Mtoto ndiye anayeulizwa kama atamkubali mzazi aliyeanguka, na tena alipe deni ambalo si lake. Ni uonevu, na pia ndivyo watoto wengi hapa mtaani wanavyokua. Halafu jaribu lenyewe linasema usimhukumu. Halijasema usahau, wala halijasema haikuuma.

Tulikuwa tumebakisha dakika kumi hivi mzee akaingia. Akauliza tunaona nini. Binamu akamwambia, "Ni ya Kibera, baba ya huyu amepoteza roho." Mzee akasimama hapo mlangoni, hakusema kitu. Nikasogea kidogo kitandani. Akakaa, akaangalia hadi mwisho.

Mwisho wenyewe sikusimulii. Itafute, uangalie na mtoto, na akiuliza swali usimkimbizie jibu.