Saa ya Ulinzi ya Kadi ya Mtandao katika FreeBSD

Maneno "re0: watchdog timeout" yanapojirudia katika kumbukumbu za mfumo endeshi wa FreeBSD, wasimamizi wengi hukimbilia kununua kadi nyingine, ilhali ujumbe huo hausemi kwamba kadi imeharibika. Herufi "re" ni jina la draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo kuwasiliana na kadi za Realtek, ambayo iliandikwa na Bill Paul. Draiva hiyo inapoikabidhi kadi pakiti za data ili izitume, huweka saa ya ulinzi ya sekunde 5, na kadi ikishazituma zote hutoa ishara ya ukatizaji, ambayo huitaka prosesa iache kwa muda kazi iliyo nayo na kuihudumia, ndipo saa huzimwa. Muda ukiisha kabla saa haijazimwa, draiva hukagua yenyewe foleni ya pakiti.

Ukaguzi huo ndio wenye faida kubwa kwa mchunguzi, ingawa hupuuzwa mno. Draiva ikikuta kwamba pakiti zote zilikwisha kutumwa, huongeza katika ujumbe wake maneno "missed Tx interrupts", maana yake kadi ilifanya kazi yake lakini ishara haikufika, na hapo haiwashi kadi upya. Bali ikikuta pakiti zimekwama, huandika ujumbe mfupi na kuianzisha kadi upya, jambo ambalo hukatisha mawasiliano kwa muda.

Kwa hiyo ujumbe wenye nyongeza huelekeza uchunguzi kwenye njia ya ishara. Amri ya vmstat -i huonyesha idadi ya ishara zilizopokelewa kutoka kila kifaa, na idadi ya ishara za kadi isipopanda wakati data inapita, inafaa kuandika hw.re.msix_disable=1 na hw.re.msi_disable=1 katika faili la /boot/loader.conf, ili kadi irudie njia ya zamani ya ukatizaji, kisha kompyuta iwashwe upya. Ujumbe mfupi, kwa upande wake, huhitaji kebo na swichi zijaribiwe kwanza, huku amri ya netstat -i ikionyesha hesabu ya makosa, na hatimaye draiva ya Realtek yenyewe, inayopatikana kwa jina la realtek-re-kmod, ijaribiwe badala ya ile ya mfumo.

Mabadiliko yafanywe moja baada ya jingine, kwani mawili yakifanywa pamoja na hitilafu ikatoweka, chanzo chake hakitajulikana.