Alichonakili Hauser na Alichoacha

Andrés Segovia alipofika Munich mwaka 1924 kupiga gita, ala aliyokuwa nayo ilitoka karakana ya Manuel Ramírez ya Madrid, imetengenezwa mwaka 1912. Fundi wa mji huo, Hermann Hauser, alipata nafasi ya kuikagua kwa karibu. Miaka 13 baadaye, mwaka 1937, Segovia alipokea kwa Hauser gita alilolipiga majukwaani kwa zaidi ya miaka 20. Sasa, kama mfano mzuri alikuwa ameshaushika mkononi tangu 1924, miaka yote hiyo fundi huyu alikuwa akitafuta nini?

Alikuwa akitafuta uso. Ule ubao mwembamba wa mbele, unaobeba daraja la nyuzi, ndio unaobeba sehemu kubwa ya sauti. Antonio de Torres, fundi wa Almería ambaye umbo lake la gita ndilo linalofuatwa hadi leo, alitaka jambo hilo lionekane wazi. Mwaka 1862 alitengeneza gita lenye mgongo na ubavu wa karatasi ngumu, akaacha uso peke yake uwe wa mbao nzuri. Gita hilo bado limehifadhiwa makumbusho Barcelona. Hauser alilifahamu pia gita jingine la Torres, la mwaka 1859, alilokuwa akilipiga Miguel Llobet.

Mtu atasema basi kazi ni rahisi: chukua kipimo cha uso wa Torres, randa wako ufike hapo hapo. Hapo ndipo wengi hupotea. Uzito wa ubao hupungua sawasawa na unene wake, lakini ugumu wa kupinda hufuata unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Ukiuranda ubao kutoka milimita 2.5 hadi 2.25, uzito umeshuka kwa asilimia 10 na ugumu umeshuka kwa asilimia 27. Randa inapita mara chache tu, na sauti imeshakuwa nyingine. Tena mbao mbili za sprusi, ule mti wa nchi za baridi ulio wa jamaa ya misonobari, hazifanani hata zikitoka gogo moja. Moja nyuzi zake zimenyooka, nyingine zimekatwa mshazari, na hiyo ya pili ni laini zaidi kwa unene ule ule. Milimita za Torres zilikuwa sahihi kwa ubao wa Torres.

Chini ya uso kuna vijiti vyembamba vya kuushikilia. Torres alipenda kuviweka saba, vimetanuka kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Navyo vina hesabu ile ile: kijiti cha kimo cha milimita 4 kikipunguzwa hadi 3 hubaki na asilimia 42 tu ya ugumu wake wa awali. Anayenakili mpangilio wa vijiti bila kuugusa ubao, kuupinda kwa vidole gumba na kuugonga aone unavyoitika, amenakili mchoro tu.

Leo tuna njia ambayo Hauser hakuwa nayo. Ziba nyuzi kwa kiganja, gonga daraja taratibu, rekodi kwa simu, kisha programu ikuonyeshe vilele vya mtetemo. Katika gita la nyuzi za nailoni, kilele cha chini, cha hewa inayopumua tunduni, huwa karibu na hezi 100; kile cha uso huwa karibu na hezi 200. Kwa maoni yangu, fundi anayefukuza vilele hivyo hukaribia gita analolihusudu kuliko anayefukuza milimita.

Hata hivyo kipimo hakimalizi kazi, na hapa Hauser alikuwa na bahati kubwa. Alikuwa na sikio la Segovia. Alijenga, akasikiliza maoni, akajenga tena. Kabla ya hapo alikuwa ametengeneza zeze za Kijerumani na magita ya mtindo wa Vienna, na ule usafi wa mkono hakuutupa alipogeukia mtindo wa Kihispania. Ndiyo maana gita la 1937 halilii kama Ramírez. Linasifiwa kwa uwazi, kila noti ikisikika peke yake hata nyingi zikipigwa pamoja. Mgongo wake ni wa mbao ya Brazili iliyo jenasi moja na mpingo wetu, na mafundi wa leo wanautumia mpingo huo kwa migongo ya magita.

Magita yote mawili, la 1912 na la 1937, yako Metropolitan Museum of Art, New York, tangu 1986, na michoro ya vipimo vya Hauser imechapishwa. Fundi unayeianza michoro hiyo, kabla ya kutia gundi pima uzito wa ubao wako, uweke juu ya vigingi viwili, utwike mzigo wa kilo moja katikati, uandike umeshuka milimita ngapi. Ndipo uamue unene.