Kuru, uchawi na bibi zetu: vitabu viwili vya prioni, vikisomwa kutoka Magu

Habari za prioni zinapotufikia kwa Kiswahili huwa na sura mbili tu: wala watu wa Papua New Guinea na ng'ombe vichaa wa Uingereza. Unasoma, unashtuka, unamtumia rafiki kwenye WhatsApp, basi imeisha. Vyote viko mbali. Leo nataka tupitie vitabu viwili vinavyosimulia mambo hayo kwa kirefu, na tuvisome tukiwa tumekaa Magu, siyo California. Kimoja ni Madness and Memory cha Stanley Prusiner, kilichotoka 2014. Kingine ni Kuru Sorcery cha Shirley Lindenbaum, kilichotoka 1979 na kutolewa upya 2013. Cha kwanza ndicho kinachotajwa sana kwenye makala za sayansi. Cha pili, kwa maoni yangu, ndicho tunachokihitaji zaidi huku kwetu.

Kwanza tuelewane prioni ni nini. Protini mwilini mwako ni kama uzi mrefu uliokunjwa kwa umbo maalumu, na umbo hilo ndilo linaloiwezesha kufanya kazi yake. Kwenye seli za ubongo ipo protini moja iitwayo PrP. Ikikunjika vibaya inapata tabia ya ajabu: PrP nzima ikikutana nayo, na yenyewe inakunjika vibaya vilevile. Mbovu zinarundikana, seli zinakufa, na ubongo unatoboka kama sponji. Hapo hakuna bakteria wala virusi, na hakuna DNA inayobeba maelekezo. Kupika hakuui kitu, kwa sababu hakuna kilicho hai cha kuua. Kwa kondoo ugonjwa huu unaitwa skrepi, kwa ng'ombe ni kichaa cha ng'ombe au BSE, na kwa binadamu upo ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob (CJD) na upo kuru. Dawa ya kuuponya haijapatikana hata kwa mmoja wao.

Prusiner anaanzia mwaka 1972, akiwa daktari kijana San Francisco, alipompokea mgonjwa wa CJD ambaye hakuweza kumsaidia. Kutoka hapo anatupeleka kwenye miaka ya kusaga ubongo wa panya na kuchuja, kutafuta kirusi ambacho hakionekani, mpaka 1982 alipothubutu kuandika kwamba huenda kirusi hakipo kabisa na kisababishi ni protini tupu. Neno "prioni" ni lake. Wenzake walimcheka, fedha za utafiti zikakatwa, magazeti yakamwandama. Mwaka 1997 akapewa Tuzo ya Nobel.

Ni kitabu kizuri, tusidanganyane. Kama wewe ni mwanafunzi wa uzamili unayehangaika na majaribio yanayogoma, utajiona humo. Kinaonyesha sayansi ilivyo kweli: wivu, ubishi, usiku mwingi na bahati kidogo. Lakini ni kumbukumbu za mtu binafsi, kwa hiyo yeye yuko katikati na wengine wote wako pembeni. Tikvah Alper, mwanasayansi mzaliwa wa Afrika Kusini, alionyesha mwaka 1967 kwamba kisababishi cha skrepi hakiharibiwi na mionzi ambayo ingeharibu virusi vya kawaida. Mwaka huohuo mwanahisabati J. S. Griffith akaeleza kwa maandishi njia ambazo protini ingeweza kujizalisha. Miaka kumi na mitano kabla ya jina "prioni", mlango ulikuwa umeshafunguliwa nusu.

Simlaumu mzee Prusiner kwa kuandika maisha yake. Ninaowalaumu ni sisi tunaoeneza sayansi, tunaokichukua kitabu cha namna hii na kukifanya historia nzima. Tukifanya hivyo, historia ya prioni inakuwa historia ya maabara, na mwanafunzi wa Magu anabaki na somo moja tu: bila mashine za mamilioni, huna mchango. Hilo si kweli, na kuru ndiyo ushahidi.

Kuru iliwakumba Wafore, watu wa milimani huko Papua New Guinea. Neno lenyewe kwa lugha yao linahusu kutetemeka. Mgonjwa alianza kuyumba akitembea, akatetemeka, akashindwa kukaa, akashindwa kumeza, akafa ndani ya mwaka hivi. Vincent Zigas na Carleton Gajdusek waliuandika ugonjwa huu kwenye majarida ya kitabibu mwaka 1957, na tangu hapo vifo zaidi ya 2,500 vikaandikwa, wengi wanawake na watoto. Wazo lililopewa nguvu mwanzoni lilikuwa kwamba ni ugonjwa wa kurithi. Wazo hilo halikubaki kwenye karatasi: ilifikiriwa kuwazuia Wafore wasitoke kwenye eneo lao, wasije wakaisambaza damu yao.

Hapo ndipo Lindenbaum na Robert Glasse, wanaanthropolojia wawili, walipoingia vijijini mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hawakuwa na maabara. Walikuwa na madaftari. Walikaa na watu wakauliza: huyu alikuwa mtoto wa nani? Kuru ilifika lini kijijini kwenu? Nani alikuwa wa kwanza kufa? Majibu yakaonyesha kwamba kuru ni ngeni, iliingia mwanzoni mwa karne ya 20, na wazee walikumbuka ilivyohama kijiji hadi kijiji. Ugonjwa wa kurithi hausafiri hivyo, wala hausambai haraka kiasi hicho. Wakauliza pia nani alishiriki msiba wa nani, na nani alikula nini. Wafore walikuwa wakiwala ndugu zao waliofariki, kama sehemu ya kuwaomboleza. Wanaume wengi walijiepusha na jambo hilo, lakini wanawake na watoto walishiriki. Ramani ya vifo ikalingana na ramani ya misiba.

Hebu tulia hapo kidogo. Mila hiyo ilikoma mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa shinikizo la serikali ya kikoloni ya Australia na wamisionari. Watoto waliozaliwa baada ya hapo hawakupata kuru. Waliokwisha kuambukizwa waliendelea kufa mmoja mmoja, wengine zaidi ya miaka 40 baadaye, maana prioni inaweza kulala mwilini muda mrefu sana. Lakini janga lilizimika bila chanjo, bila kidonge, na bila mtu yeyote duniani kujua neno prioni. Lindenbaum alipochapisha kitabu mwaka 1979, wanasayansi walikuwa bado wanasema ni "kirusi cha polepole". Jina la kisababishi lilikuwa limekosewa, na habari ya watu ilikuwa sahihi.

Sasa tufike kwenye mlango nilioutaja kimyakimya kwenye kichwa cha makala. Wafore wenyewe walijua nini kinawaua: uchawi. Walisema mtu mwenye nia mbaya huchukua kitu chako, mabaki ya chakula au nywele, akakifunga kwenye majani na kukizika kwenye tope. Kifurushi kinavyooza, nawe unatetemeka. Kwenye miaka ya mwanzo ya 1960, wanawake walipokuwa wanakwisha vijijini, waliitisha mikutano mikubwa ya hadhara kuwasihi wachawi waache. Lindenbaum hacheki. Anaonyesha kwamba maelezo yale yalikuwa na mantiki yake: jamii inaona mama zake wanakufa wengi kuliko baba, daktari anakuja na kuondoka, na lazima kuwe na jibu la swali "kwa nini huyu, kwa nini sasa?"

Msomaji wa Magu, swali hilo unalijua. Utafiti wa Simeon Mesaki kuhusu mauaji ya watuhumiwa wa uchawi nchini unataja zaidi ya watu 3,000 waliouawa kati ya 1970 na 1984, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa ilikuwa Usukumani. Kule kwa Wafore waliotuhumiwa walikuwa wanaume. Huku kwetu ni bibi zetu. Macho mekundu, yaliyoharibiwa na miaka ya kupikia moshi, yakageuzwa ushahidi. Shirika la MAPERECE, lenye makao yake hapahapa Magu, limefanya kazi miaka mingi ya kuwalinda wazee, na sehemu ya kazi hiyo imekuwa ni majiko yasiyotoa moshi mwingi. Jiko kama kinga ya panga: hilo nalo ni sayansi, na halijapewa tuzo.

Prioni zinahusikaje? Tuwe waangalifu. Sisemi kwamba bibi waliouawa walikuwa na ugonjwa wa prioni, wala kwamba prioni zimejaa ziwani. CJD ni adimu: duniani huhesabiwa mgonjwa mmoja hadi wawili kwa kila watu milioni kwa mwaka. Wilaya yenye watu laki nne, kwa hesabu hiyo, ingepata mgonjwa mmoja kila mwaka mmoja na robo hadi miaka miwili na nusu. Na kwa kuwa ugonjwa huu hupenda wenye miaka 60 na kuendelea, na sisi ni nchi ya vijana, punguza tena. Kichaa cha ng'ombe nacho kilienea Uingereza kwa sababu ng'ombe walilishwa unga wa nyama na mifupa ya ng'ombe wenzao. Ng'ombe wa Msukuma anakula nyasi, mabua na mashudu ya pamba. Kula nyama yako choma kwa amani.

Lakini adimu si sawa na hakuna. Mwaka 2005 jarida moja la tiba ya magonjwa ya ukanda wa joto lilichapisha taarifa ya CJD nchini Kenya. Mwaka 2018 watafiti walitangaza ugonjwa wa prioni kwa ngamia wa Algeria, kwenye machinjio ya Ouargla, na hakuna aliyekuwa akiutarajia hapo. Ulionekana kwa sababu kuna watu walioshangaa tabia ya ngamia, wakachukua ubongo wakaupima. Sasa fikiria mtu mzima wa kijijini, alikuwa analima mpaka juzi, ndani ya miezi minne hajui jina la mwanawe, anarukaruka misuli, anakufa. Familia italiita jambo hilo nini? Na nani ataulizwa alikuwa wapi usiku?

Nje ya prioni, tatizo ni kubwa zaidi. Wilayani Hai, Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa 2013 ulikuta kwamba takriban wazee 6 kati ya kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana dimenshia. Bibi anayetoka nje usiku, anayeongea peke yake, anayeingia nyumba isiyo yake akidhani ni ya mama yake: kwa daktari hizo ni dalili. Kwa jirani mwenye hasira na msiba mpya, ni kitu kingine.

Ndiyo maana naona kauli yetu ya kawaida, "tuwaelimishe waache imani potofu", ni nyepesi mno. Katika kila wagonjwa 100 wa CJD, kama 85 hivi ugonjwa umetokea wenyewe. Hawakula kitu, hawakurithi kitu. Protini moja imekunjika vibaya, basi. Sayansi inajua kueleza vizuri namna mtu alivyokufa, lakini ukiiuliza kwa nini huyu na siyo jirani, inasema "bahati mbaya". Uchawi una jibu tayari, lenye jina na nyumba. Huwezi kumshinda mwenye jibu kwa kumwita mjinga. Unaweza kuanza kwa kusema ukweli wote, pamoja na ule ukweli mgumu kwamba vifo vingine havina wa kulaumiwa.

Kitabu cha Lindenbaum kina udhaifu wake. Kuna kurasa ngumu za nadharia ya ukoo na ubadilishanaji ambazo zitakuchosha, na anayetaka kujua PrP inakunjikaje hatapata kitu kwenye toleo la 1979. Kwa hilo rudi kwa Prusiner. Ila usianze naye. Anza na mwanamke aliyekwenda na daftari, kisha ndiyo uende kwa mwanaume aliyekwenda na mashine.

Na tukumbuke daftari tunalo. Kisesa, barabara ya kutoka Mwanza kuja Magu, NIMR imekuwa ikifuatilia kaya tangu 1994, hasa kwa ajili ya UKIMWI: nani amezaliwa, nani amehama, nani amekufa, na familia inasema alikufaje. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Lindenbaum, tena kwa mpangilio mkubwa zaidi. Kama unasoma tiba, tiba ya mifugo au sosholojia na unatafuta mada ya tasnifu, uliza swali hili: kwenye vifo vya wazee wetu, vingapi vilitanguliwa na kupotea kwa akili, kwa muda gani, na nani alilaumiwa baadaye? Hauhitaji darubini kuanza. Unahitaji mwongozo mzuri wa mahojiano, kibali cha maadili, Kisukuma cha kueleweka, na subira ya kukaa msibani bila haraka.